Ubao wa Kielektroniki na Mpinzani Anayerekebishika: Tatizo la Kupima Nguvu katika Ujifunzaji wa Sataranji, kwa Mtazamo wa Kata ya Nambis, Mbulu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ubao wa kielektroniki wa sataranji unavyofanya kazi na namna injini za kompyuta zinavyopunguzwa nguvu ili mchezaji wa kawaida aweze kushindana nazo. Hoja inayojengwa ni kwamba tarakimu inayoonyeshwa na mashine kuwa ndiyo kiwango chake haina maana iliyokamilika kwa mwanafunzi asiye na wapinzani waliopimwa, na kwamba njia inayotumika kuidhoofisha injini ndiyo inayoamua mwanafunzi atajifunza nini. Mfano unaotumika ni mazingira ya kata ya Nambis, mkoani Manyara, ambako mtu anayetaka kujifunza mchezo huu anaweza kuwa na mashine kabla ya kuwa na mpinzani.

Maneno makuu: sataranji, ubao wa kielektroniki, injini, kiwango cha Elo, Nambis

1.0 Utangulizi

Nambis ni miongoni mwa kata za Halmashauri ya Mji wa Mbulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Manyara. Ni nchi ya Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Kuelekea kusini, upande wa Hanang, wanapatikana pia Wadatoga. Mtoto wa huko huanza na lugha ya nyumbani, hukutana na Kiswahili kikamilifu shuleni, na hufika sekondari akiwa na Kiingereza kama lugha ya tatu. Jambo hili litarejewa mwishoni, kwa kuwa ubao wa kielektroniki nao una lugha yake.

Nchi hii inajulikana zaidi kwa mbio kuliko kwa michezo ya ubao. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alimaliza mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978. Wakimbiaji hawa wanatajwa hapa kwa sababu mahususi. Muda wa mkimbiaji ni kipimo kinachosimama chenyewe. Kijana wa Nambis anayekimbia mita 1,500 juu ya uwanja uliopimwa, hata akiwa peke yake, huweza kulinganisha muda wake na wa mtu yeyote duniani, aliye hai au aliyekufa. Anachohitaji ni saa.

Mchezaji wa sataranji hana saa ya namna hiyo. Hakuna kitu ndani ya mchezo wake mmoja kinachoweza kupimwa na kuitwa nguvu. Nguvu yake ni uhusiano kati yake na wale aliocheza nao. Akikosa wa kucheza naye, hakosi mazoezi tu, hukosa pia njia ya kujua alipo. Mashine ya sataranji imeuzwa kwa takriban nusu karne ikiahidi kuziba mapengo yote mawili. Pengo la kwanza inaliziba vizuri. La pili ndilo linalohitaji maelezo.

2.0 Kiwango cha Elo na Dimbwi Lililofungwa

Mfumo wa kupima nguvu unaotumika duniani uliasisiwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria na mwalimu wa fizikia mjini Milwaukee, Marekani. Shirikisho la Marekani liliupokea mwaka 1960 na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, likaupokea mwaka 1970. Msingi wake ni mwepesi: tofauti ya alama kati ya wachezaji wawili hutabiri matokeo yao. Wakilingana, kila mmoja hutarajiwa kupata nusu ya pointi. Tofauti ikiwa 200, mwenye nguvu hutarajiwa kupata takriban 0.76 ya pointi kwa kila mchezo. Ikiwa 400, takriban 0.91. Matokeo halisi yakizidi matarajio, alama hupanda, yakipungua, hushuka.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba mfumo huu hujua tofauti tu. Chukulia wanafunzi kumi wa shule moja ya kata wanaocheza wao kwa wao mwaka mzima. Mwalimu akiwaanzishia wote kwa alama 1500, mwishoni atakuwa na orodha sahihi ya nani ni hodari kuliko nani na kwa kiasi gani. Akiwaanzishia kwa 500, orodha itakuwa ileile, tofauti zilezile, ila kila tarakimu imepungua kwa elfu moja. Hakuna chochote ndani ya michezo yao kitakachosema orodha ipi ni ya kweli, kwa sababu swali lenyewe halina jibu mpaka mmoja wao atoke nje na kucheza na mtu wa dimbwi jingine. Maji ya dimbwi lililofungwa yana kina, lakini hayana usawa wa bahari.

Mfano wa Katwe, Kampala, unaeleza hili vizuri kuliko hesabu. Watoto waliofundishwa sataranji na Robert Katende katika mtaa huo, ambao mwanzoni walivutwa kwa sehemu na kikombe cha uji, hawakuwa na mashine. Walikuwa na mambo mawili: wingi wa wapinzani wa rika lao, na mwalimu aliyewafungulia njia ya kutoka. Phiona Mutesi, aliyekuwa mmoja wao, alicheza katika Olimpiadi ya Sataranji ya Khanty-Mansiysk mwaka 2010, kisha ile ya Istanbul mwaka 2012, ambako alipata taji la Mgombea Umahiri kwa wanawake. Kabla ya safari hizo alikuwa hodari wa Katwe. Baada yake alikuwa na alama inayosomeka popote. Mwanafunzi wa Nambis mwenye ubao wa kielektroniki yuko katika hali iliyo kinyume: hana wingi wa wapinzani, lakini mbele yake kuna mpinzani mmoja anayedai kubeba alama ya dunia nzima ndani ya kisanduku.

3.0 Ubao Unavyojua Kilichochezwa

Mashine ya kwanza ya sataranji kuuzwa kwa umma, Chess Challenger ya kampuni ya Fidelity ya Marekani, ilitoka mwaka 1977. Ilikuwa na kiwango kimoja tu cha nguvu; matoleo yaliyofuata yakapewa vitatu, kisha kumi. Mchezaji aliandika hatua yake kwa kubonyeza vitufe, na mashine ilijibu kwa tarakimu za kuwaka. Ubao wenyewe haukuhisi chochote. Tangu hapo juhudi nyingi za watengenezaji zimelenga kuondoa vitufe hivyo, ili mchezaji asogeze kete kama kawaida na mashine ielewe.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni mgandamizo: chini ya kila nyumba ya ubao kuna utando unaohisi kubonyezwa, na mchezaji hulazimika kuibonyeza nyumba anayotoka na anayokwenda. Ya pili ni sumaku: kila kete ina sumaku kitakoni, na chini ya nyumba kuna swichi au kihisi kinachojua kwamba nyumba imejaa au ni tupu. Ya tatu ndiyo inayotumika katika mbao za mashindano za kampuni ya DGT ya Uholanzi: ndani ya kila kete mna koili ndogo iliyosawazishwa ili iitikie masafa yake maalumu, hivyo ubao hutambua kwamba nyumba imejaa na pia imejaa kete gani.

Tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu si ya kitaalamu tu, bali humgusa mwanafunzi moja kwa moja. Ubao unaojua kujaa na kuwa tupu pekee hauoni farasi wala askofu. Hukumbuka. Huanza na mpangilio wa mwanzo unaojulikana, kisha hufuatilia kila kunyanyuliwa na kila kuwekwa. Ndiyo maana kete zikichanganywa mahali, kwa mfano farasi na askofu wakibadilishana nyumba wakati wa kupanga, mashine haitagundua. Itaendelea kucheza mchezo mwingine kabisa na ule ulio mbele ya macho. Kitunda kikifika mstari wa mwisho na kupandishwa, mchezaji lazima aiambie mashine amechagua kete gani. Katika hatua ya mfalme kujihifadhi pamoja na ngome, mfalme husogezwa kwanza, na anayeanza na ngome huhesabiwa kuwa amecheza ngome tu. Mwanafunzi anayeburuta kete badala ya kuinyanyua huiacha mashine ikihesabu nyumba zote alizopitia.

Yapo mapato katika usumbufu huu. Kanuni za FIDE humtaka mchezaji aliyegusa kete yake kwa nia ya kuicheza aicheze. Simu haimfundishi mtu adabu hiyo, kwani kidole chaweza kuchezacheza juu ya kioo bila gharama. Ubao unaohisi kunyanyuliwa kwa kete humkumbusha mkono kwamba umeshaamua. Aidha, baadhi ya mbao za sasa, kama Centaur ya DGT, zina kioo cha karatasi ya kielektroniki kinachosomeka juani na kutumia umeme kidogo, sifa inayofaa mahali ambapo betri huchajiwa kwa sola na mchezo huchezwa nje.

Gharama haiwezi kupitwa kimya. Mbao hizi huuzwa kwa mamia ya yuro, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa shule ya kata, fedha hizo zingenunua seti nyingi za plastiki, na seti nyingi maana yake ni wapinzani wengi. Kwa hiyo hoja za makala haya zinahusu pia mbadala ulio karibu zaidi na uhalisia: seti ya kawaida mezani, na pembeni yake simu yenye injini huria kama Stockfish, ambayo ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Mkono husogeza kete za mashine kwa niaba yake. Kinachopotea ni wepesi. Mpinzani ni yuleyule.

4.0 Namna ya Kumdhoofisha Asiyechoka

Injini haina udhaifu wa kuzaliwa. Tangu Deep Blue ya IBM imshinde Garry Kasparov kwa 3.5 dhidi ya 2.5 mwezi Mei 1997, pengo limezidi kupanuka, na leo injini iliyomo katika simu ya kawaida humshinda bingwa wa dunia. Kwa hiyo kila kiwango cha chini kinachoonekana katika ubao ni kilema kilichobuniwa, na namna kilivyobuniwa hubaki ndani ya mchezo.

Njia ya zamani zaidi ni kuipunguzia mashine muda au kina cha kutafuta. Injini hufikiri kwa kupanua matawi: mimi nikicheza hivi, yeye vile, nami hivi. Katika hatua ya kwanza mweupe ana chaguzi 20. Baada ya kila upande kucheza mara moja njia ni 400. Mweupe akicheza tena zinafika 8,902. Ikizuiwa isipite hatua mbili au tatu mbele, mashine hudhoofika, lakini hudhoofika kwa upande mmoja. Ndani ya hatua hizo mbili haikosei kamwe. Mwanafunzi akiacha kete bila ulinzi italiwa leo, kesho na keshokutwa, na hakuna siku ambayo mpinzani huyu atakuwa amechoka. Nje ya hatua hizo ni kipofu: hujenga ngome ya vitunda isiyo na maana, husogeza mfalme kuelekea hatari iliyo mbali kidogo, na hata hutupa kete ili kuisogeza hasara nje ya upeo wake, hali ambayo Hans Berliner aliieleza mwaka 1973 kuwa athari ya upeo wa macho. Anayejifunza kwa mpinzani huyu huwa makini na mitego midogo, na huzoea kupanga vibaya bila kuadhibiwa.

Njia ya pili ni kuiacha mashine ione vizuri, kisha kuilazimisha ichague vibaya. Mpangilio wa Stockfish uitwao Skill Level, wenye ngazi 0 hadi 20, hufanya hivyo: injini hutafuta hatua kadhaa zilizo bora, kisha kwa bahati nasibu iliyopimwa huchukua mara nyingine iliyo duni. Ngazi ikishuka, uduni unaoruhusiwa huongezeka. Matokeo yake ni mpinzani wa ajabu. Kwa hatua kumi na tano hucheza kama bingwa, ya kumi na sita humwachia farasi bila sababu yoyote, kisha hurudi kuwa bingwa. Binadamu hakosei hivyo. Anayeanza husahau askofu aliye pembeni mwa ubao, haoni hatua ya kurudi nyuma, huamini kwamba kete iliyofungwa mbele ya mfalme bado inalinda. Makosa yake yana mizizi, na kuyajua ndiyo sehemu kubwa ya kujua kumshinda. Makosa ya bahati nasibu hayana mizizi. Mwanafunzi hujifunza kungoja zawadi: acheze kwa usalama, avumilie, hatimaye mashine itatupa kitu. Mbinu hiyo humpandisha ngazi kwenye ubao, na humwangusha siku ya kwanza anapokaa mbele ya mtu.

Juu ya njia hizi mbili huwekwa tarakimu. Stockfish humruhusu mtumiaji kuchagua kiwango cha Elo moja kwa moja, na katika matoleo ya karibuni ngazi ya chini ni 1320 na ya juu 3190. Tarakimu hizo zimesawazishwa kwa michezo ya injini dhidi ya injini, kwa muda wa dakika mbili na nyongeza ya sekunde moja kwa kila hatua, zikifungwa kwenye orodha ya viwango vya kompyuta. Hapana binadamu katika msururu huo. Dimbwi lililoelezwa katika sehemu ya pili linaonekana hapa kwa sura nyingine: orodha ya mashine nayo ni dimbwi, na 1320 ya humo haina mkataba na 1320 ya mtu.

Tena, hata kama mkataba huo ungekuwapo, ngazi hiyo ya chini ni ya juu mno. FIDE yenyewe, tangu Machi 1, 2024, haitambui kiwango kilicho chini ya 1400, ambayo ni kusema kwamba mwenye 1400 tayari ni mchezaji wa mashindano. Mtoto aliyejifunza kusogeza farasi mwezi uliopita yuko mbali chini ya hapo, na ngazi ya chini kabisa ya injini maarufu kuliko zote itamshinda karibu kila mara. Mwalimu asiyejua hili huweza kuamini kwamba mtoto hana kipaji, kwa kuwa ameshindwa na mashine iliyowekwa kwenye ngazi ya mwanzo. Hapa ndipo madhara ya tarakimu yanapovuka mipaka ya mchezo.

Njia ya tatu ni changa na inabadilisha swali. Mwaka 2020 McIlroy-Young, Sen, Kleinberg na Anderson walichapisha matokeo ya injini waliyoiita Maia. Badala ya kuuliza hatua ipi ni bora, Maia hukadiria hatua ambayo mtu wa kiwango fulani angeicheza. Ni mitandao tisa ya neva bandia, kila mmoja ukifunzwa kwa mamilioni ya michezo ya watu wa kiwango kimoja kwenye jukwaa la Lichess, kuanzia 1100 hadi 1900, na hutumika bila kutafuta mbele hata hatua moja. Hupatia hatua ya binadamu kwa takriban nusu ya nafasi zote, zaidi ya injini zilizodhoofishwa kwa njia za zamani. Jambo la maana kwa mwanafunzi ni kwamba hukosea mahali watu wanapokosea. Tahadhari mbili zinahitajika. Viwango vya Lichess ni dimbwi la Lichess, na kwa kawaida hukaa juu ya vile vya FIDE. Tena, watu waliotoa michezo hiyo walicheza kwa intaneti, wengi wao kwa haraka. Maia imerithi tabia zao, ikiwamo papara.

Iko njia ya nne isiyohitaji kilema chochote, nayo ni ya kale kuliko kompyuta: mwenye nguvu huanza akiwa amepungukiwa kete. Injini hucheza kwa nguvu zake zote bila malkia, au bila ngome. Mradi wa Leela Chess Zero umefikia hatua ya kufunza mitandao mahsusi kwa michezo ya namna hii, kwa kuwa injini ya kawaida iliyopungukiwa malkia huona kwamba imeshashindwa na kucheza kwa kubadilishana kete, jambo linalomrahisishia mpinzani. Uzuri wa njia hii ni uaminifu wake. Mwanafunzi anajua alichopewa. Anaona kila hatua ya mashine kuwa ni ya kweli, na siku atakapopunguza fadhila kutoka malkia hadi ngome, atakuwa amesogea kwa kipimo anachoweza kukigusa kwa mkono.

5.0 Kupima kwa Matokeo

Yote yaliyoelezwa yanaelekeza kwenye kanuni moja ya matumizi: ngazi ya mashine ichaguliwe kwa matokeo, na tarakimu yake ichukuliwe kuwa jina tu. Mwalimu huweza kuanza na ngazi yoyote, akacheza mwanafunzi michezo kadhaa, na kushusha au kupandisha hadi mwanafunzi apate kati ya theluthi moja na nusu ya pointi. Akishapata ngazi hiyo, aiache bila kuigusa.

Maneno haya ya mwisho yanagongana na mtindo wa mbao za kisasa, ambazo huuzwa kwa sifa ya kujirekebisha zenyewe. Ubao wa aina hiyo huongeza nguvu mwanafunzi akishinda na kupunguza akishindwa, hivyo mchezo huwa na ladha daima. Kwa burudani ni ubunifu mzuri. Kwa kipimo ni sawa na kumpima mgonjwa homa kwa kipimajoto kinachopanda pamoja na homa yake: mwanafunzi atapata nusu ya pointi mwezi wa kwanza, nusu mwezi wa sita, na nusu mwaka wa pili, wala hataona kama amesogea.

Wingi wa michezo nao una hesabu yake. Mwanafunzi aliyepata pointi 5 kati ya 10 huonekana kulingana na mashine, lakini kwa idadi hiyo tofauti halisi kati yao yaweza kuwa takriban alama 250 upande wowote. Kwa michezo 20 ukungu hupungua hadi takriban 165, na kwa michezo 100 hadi takriban 70. Kupanda kutoka nusu ya pointi hadi 0.65 ni sawa na alama 108 hivi. Maana yake ni kwamba mafanikio ya wiki moja, na hata huzuni ya wiki moja, mara nyingi ni kelele za bahati. Daftari la michezo mia moja dhidi ya ngazi isiyobadilika lina thamani kubwa kuliko ubao wa gharama unaobadilika kila jioni, na daftari hupatikana dukani Mbulu mjini.

Yafaa kuongeza kwamba Waswahili wana mchezo wao wa ubao uliokwisha kuingizwa katika kompyuta. Donkers na Uiterwijk wa Maastricht walieleza mwaka 2002 namna ya kuipangia kompyuta mchezo wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64, na De Voogt (1995) alikuwa amechunguza kabla yao umahiri wa mabingwa wa bao. Bingwa wa bao hana alama ya Elo. Anajulikana kwa kuwa barazani watu wamemwona akicheza, na wanaomsifu wanaweza kutaja aliowashinda. Ni kipimo cha dimbwi, lakini wote waliomo wanalijua dimbwi hilo, na hakuna anayedhani ni bahari.

6.0 Lugha ya Ubao

Mbao nyingi huonyesha au kutamka hatua kwa herufi za Kiingereza: K kwa mfalme, Q kwa malkia, R kwa ngome, B kwa askofu, N kwa farasi. Kanuni za FIDE humruhusu mchezaji kutumia herufi ya kwanza ya jina la kete katika lugha yake. Mfaransa huandika F kwa askofu. Mwalimu anayetaka kuandika kwa Kiswahili hukutana na kikwazo mara moja, kwa kuwa mfalme na malkia wote huanza na M. Suluhisho la kihistoria lipo. Neno sataranji lilifika pwani kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, na Kiajemi hichohicho ndicho chenye neno shah, mfalme, ambalo Kiswahili kinalo kwa sura ya shaha na hulitumia hata kwa mshairi aliyebobea. Shaha akiandikwa S, malkia hubaki na M.

Kikwazo cha pili ni kigumu zaidi kwa sababu hakionekani. Ngome kwa Kiswahili ingeandikwa N, nayo N katika faili za michezo zinazosomwa na kompyuta ni farasi. Mwanafunzi aliyeandika Nd1 akimaanisha ngome, kisha akaingiza mchezo wake kwenye programu ili uchambuliwe, huambiwa kwamba hatua hiyo haiwezekani. Au, vibaya zaidi, farasi wake naye anaweza kufika d1, programu huipokea bila kulalamika, na kuanzia hapo inachambua mchezo ambao haukuchezwa.

Injini zenyewe hazina tatizo hili. Itifaki ya UCI, iliyotolewa mwaka 2000 na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, ambayo ndiyo lugha ya mawasiliano kati ya injini na programu nyingi za leo, haitaji kete. Hutaja nyumba inayotokwa na nyumba inayokwendwa: e2e4, g1f3, a1d1. Herufi ya kete huonekana tu kitunda kinapopandishwa. Mwanafunzi wa darasa la tano anayejua a hadi h na 1 hadi 8 huweza kuandika mchezo mzima kwa namna hiyo, bila Kiingereza na bila kuamua kama mfalme ni M au S, na daftari lake likasomeka Nambis, Kampala au popote penye mashine.